Mechi tatu zimebaki, tumshangilie nani? Mwongozo wa kupiga hesabu za mwisho wa msimu

Ikifika Aprili, masika yamekolea na daladala za Moshi zimejaa matope mpaka kwenye viti, kila kijiwe kuanzia Ngarenaro hadi Pasua kinapata profesa wake wa hesabu. "Sisi tukishinda hii, wale wakifungwa, wale wengine wakitoka sare, tumepona." Anasema kwa sauti kubwa, watu wanatikisa vichwa, na mara nyingi amekosea.

Hajashindwa kujumlisha. Kosa lake ni moja kati ya mawili: amesahau kwamba wapinzani wake watakutana wenyewe kwa wenyewe, au hajaamua anataka nafasi gani hasa. Kosa la pili ndilo kubwa. Timu inayopaswa kushangiliwa Jumamosi inategemea mstari unaoukimbilia, na ukibadilisha mstari, rafiki wa jana anageuka adui. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuandaa hesabu hiyo kwa penseli na daftari, ukiwa shabiki wa timu ya Ligi Kuu Bara au wa timu zetu za huku kama Mbuni, TMA Stars na Polisi Tanzania, ambazo zimezoea kuhangaika na Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu.

Kwanza: kila nafasi inalipa nini

Chukua msimamo wa ligi, uchore mistari kwa kalamu nyekundu kabla hujagusa pointi. Ligi Kuu ina timu 16 tangu msimu wa 2021/22, kwa hiyo kila timu inacheza mechi 30. Kwa utaratibu wa misimu ya karibuni, mistari iko hivi.

Nafasi ya 1 na ya 2 zinakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Ya 3 inakwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Nafasi nyingine ya Shirikisho ni ya bingwa wa Kombe la FA, na hapa pana mlango wa uani: bingwa huyo akiwa tayari ana tiketi kupitia ligi, nafasi inateremka kwa aliyeshika namba 4. Ndivyo Coastal Union ya Tanga ilivyopata safari ya Afrika baada ya msimu wa 2023/24. Fainali ya FA mwaka huo ilikuwa Yanga na Azam, wa kwanza na wa pili kwenye ligi, hivyo Wagosi wa Kaya waliitazama wakiwa wamekunja nne, maana mshindi yeyote aliwafaa. Msimu uliofuata Yanga wakalichukua tena kombe hilo, na Singida Black Stars waliomaliza wa 4 wakapita mlango uleule. Kwa hiyo ukishabikia timu iliyo namba 4, orodha yako ya kuombea inaanzia robo fainali ya FA: waombee wakubwa wavuke, hata kama huwapendi.

Chini kuna mistari miwili, na wengi huuona mmoja tu. Nafasi ya 15 na ya 16 zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinaingia mchujo, ambao vijana wanauita pleiofu: zinakutana nyumbani na ugenini, mshindi anabaki, na aliyeshindwa anapambana na timu ya Championship iliyoshinda mchujo wa namba 3 na namba 4 wa huko. Aliye wa 13 au wa 14 ana nafasi mbili za kujiokoa. Aliye wa 15 hana hata moja. Polisi Tanzania walishuka mwisho wa 2022/23 moja kwa moja pamoja na Ruvu Shooting, wakati Mbeya City walipata mchujo msimu huohuo na wakaupoteza mbele ya Mashujaa ya Kigoma. Msimu wa 2023/24 Tabora United walifika mpaka mlango huo wa mwisho wakaifunga Biashara United wakabaki. Wa 2024/25 Fountain Gate wakabaki kwa kuitoa Stand United. Katika misimu hiyo mitatu, basi, timu ya juu imepona mara mbili na kuzama mara moja.

Championship yenyewe ina mistari yake: wawili wa juu wanapanda bila maswali, wa 3 na wa 4 wanaingia mchujo. Kwa shabiki wa Arusha au Moshi, pengo la nafasi ya 2 na ya 3 ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wa 2 anafunga mabegi na kwenda likizo. Wa 3 anabakiwa na mechi nne za kukata na shoka.

Kanuni hutolewa upya kila msimu. Soma za msimu unaouhesabia, hasa kipengele cha timu zikilingana pointi na kipengele cha mchujo. Na ukilinganisha na misimu ya nyuma, angalia majina: Singida Black Stars ya leo ndiyo Ihefu ya jana, na Tabora United ilipanda daraja ikiitwa Kitayosce. Kuna watu wamewahi kuhesabu timu moja mara mbili.

Pili: daftari

Kauntabuku ya mistari kutoka duka la Mangi inatosha. Simu nayo inafaa, ila karatasi inakuonyesha timu zote kwa jicho moja, na umeme ukikatika kibandani haizimiki. Tumia penseli, kwa sababu rufaa na ushindi wa mezani, yaani pointi 3 na mabao 3, vinaweza kubadili msimamo siku kadhaa baada ya filimbi.

Usiandike timu zote 16. Andika zile tu zinazoweza kufika kwenye mstari wako, toka juu au toka chini. Kila timu ipe mstari wenye mambo sita: mechi ilizocheza, pointi, tofauti ya mabao (ya kufunga toa ya kufungwa), mabao ya kufunga, mechi zilizobaki kwa majina (na kama ni nyumbani au ugenini), na dari.

Dari ni pointi za juu kabisa ambazo timu inaweza kufikisha: pointi ilizonazo, jumlisha mechi zilizobaki mara 3. Pointi ilizonazo sasa ni sakafu, haiwezi kwenda chini yake isipokuwa kwa adhabu. Dari ya mpinzani ikiwa chini ya sakafu yako, mfute, hakupati tena.

Viporo, yaani mechi zilizoahirishwa ambazo wenzako wameshacheza, viandikwe kwenye safu ya mechi zilizobaki, kamwe visiingie kwenye pointi. Hili ni kosa la kila mwaka: mtu ana viporo viwili, anajijumlishia 6 na kuanza kutamba. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kiporo kingine huliwa katikati ya wiki, ugenini, siku tatu baada ya mechi nzito, na viwanja vya masika havina huruma na miguu iliyochoka.

Mfano wa kufanyia kazi

Majina haya tumeyaokota sokoni Kilombero ili asikasirike mtu. Kila timu imecheza mechi 27, zimebaki 3. Sisi ni Ndizi.

11. Mahindi: pointi 32, tofauti -6, dari 41
12. Ndizi: pointi 30, tofauti -9, dari 39
13. Kahawa: pointi 29, tofauti -7, dari 38
14. Maharage: pointi 28, tofauti -14, dari 37
15. Kitunguu: pointi 26, tofauti -12, dari 35
16. Karoti: pointi 20, tofauti -25, dari 29

Karoti tumfute: dari yake 29, sakafu yetu 30. Lakini usimfute kwenye daftari la Maharage, maana wao wana 28 na kwa hesabu tupu bado anaweza kuwapita. Kila timu ina daftari lake. Hili linawasumbua wanaochukua hesabu ya jirani na kuigeuza yao.

Sasa dari peke yake inatisha bure. Inasema tunahitaji 39 ndipo tulale, wakati hakuna timu ya chini inayoshinda mechi tatu mfululizo kila siku. Kwa hiyo andika na mwendo: pointi gawanya kwa mechi zilizochezwa, zidisha kwa zilizobaki. Kahawa wana 29 kwa mechi 27, kama 1.07 kwa mechi, mechi tatu zinawapa 3 na ushee, wanaishia 32. Kitunguu kwa mwendo wao wanaishia 29 hivi. Ukipenda uhalisia zaidi, tumia mechi 6 au 8 za mwisho badala ya msimu mzima, kwa sababu timu iliyobadili kocha mwezi wa pili siyo ile ya mwezi wa tisa. Dari inakuambia lini uache kuogopa kabisa, mwendo unakuambia mahali mambo yanakoelekea. Andika zote mbili. Bishana kwa mwendo, lakini usisherehekee mpaka dari iseme.

Jambo dogo ambalo huokoa ubishi mrefu: katika mechi tatu huwezi kupata pointi 8. Unaweza kupata 9, kisha 7, 6, 5 na kushuka. Katika mechi mbili huwezi kupata 5. Mtu akikuambia "tunahitaji 8 tu", mweleze kwamba anahitaji zote tatu.

Tatu: mechi za wao kwa wao

Hapa ndipo utamu ulipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Raundi ya 28 ina Kahawa na Maharage. Sisi tunacheza na timu ya katikati isiyo na shida na mtu. Kahawa na Maharage, tumwombee nani?

Mechi ya aina hii inagawa pointi 3 ikipata mshindi, na 2 tu ikiisha sare. Akishinda Kahawa, wanafika 32 na dari yao inabaki 38, Maharage wanabaki 28, dari inaanguka 34. Akishinda Maharage, wanafika 31 na dari 37, Kahawa wanabaki 29, dari 35. Wakitoka sare, Kahawa 30 dari 36, Maharage 29 dari 35.

Tazama sare ilivyofanya: hakuna aliyebaki na dari ya juu. Ili tuwe na uhakika wa kumaliza juu ya wote wawili bila kutegemea mabao, tunahitaji 37 wakitoka sare, yaani ushindi mara mbili na sare moja. Akishinda Kahawa tunahitaji 39, mechi zote tatu. Akishinda Maharage hesabu inasema 38, na tumeshaona kwamba 38 haipo kwetu, hivyo tunarudi kwenye 39, au tufike 37 sawa nao na kutegemea tofauti ya mabao ituvushe.

Basi kama shabaha ni nafasi ya 12, yaani kubaki bila mchujo na bila kumtegemea Mahindi aporomoke, tunahitaji Kahawa na Maharage wote wawe chini yetu, na matokeo bora ni sare.

Sasa badilisha shabaha. Tuseme kikosi kimechoka, mfungaji ameumia, na mnachotaka ni kutoshuka moja kwa moja. Hapo hamhitaji kuwa juu ya wote, mnahitaji timu mbili tu ziwe chini yenu. Karoti ameshakaa. Amebaki mmoja. Sare sasa haina faida, kwa sababu inawaacha wote wawili hai. Kinachofaa ni mmoja amzike mwenzake, na wa kuzikwa ni yule dhaifu: shangilia Kahawa, ili Maharage wabaki na dari ya 34.

Kanuni yenyewe, basi: ukitaka kuwa juu ya wote wawili, omba sare. Ukitaka kuwa juu ya mmoja tu, omba aliye juu ashinde. Mtu akikujibu kwamba kushangilia mshindani wa jirani ni usaliti, mwonyeshe mstari mwekundu.

Siku hiyohiyo Mahindi wanacheza na Kitunguu. Hapa kuna mvutano wa kweli. Mahindi wakifungwa, wanabaki 32 na sisi tunaweza kuwapanda. Lakini Kitunguu watakuwa 29, dari 35, na mlango wa nyuma unafunguka. Mahindi wakishinda, Kitunguu wanabaki 26 na dari 32, na hapo tukifikisha 33, yaani ushindi mmoja tu katika mechi tatu, hatushuki moja kwa moja hata dunia ipinduke. Ushauri wetu ni kufunga mlango wa nyuma kwanza. Gharama ya kushuka ni kubwa mno kuliko gharama ya kucheza mchujo, kwa hiyo waombee Mahindi. Anayetaka kuhatarisha kwa ajili ya nafasi ya 11 ana haki yake, ila ajue anachokiweka mezani.

Ukiwa juu ya msimamo mantiki ni ileile. Shabiki wa timu ya Arusha iliyo ya 4 Championship, mbele yake wa 2 na wa 3 wanakutana. Akitaka kupanda moja kwa moja, sare inawapunguza kasi wote wawili. Akitaka tu kubaki ndani ya nne bora, mechi hiyo haimhusu sana, macho yake yawe kwa wa 5 na wa 6. Watu hupoteza Jumamosi nzima wakitazama mechi isiyo yao.

Wakati mwingine hesabu inabaki mechi moja na inakuwa nyepesi. Dabi ya Kariakoo iliyokuwa ichezwe 8 Machi 2025 iliahirishwa, ikachezwa 25 Juni, mechi nyingine zote za ligi zikiwa zimekwisha. Yanga walikuwa na 79, Simba 78. Kwa Yanga sare ilitosha, kwa Simba ushindi tu. Yanga walishinda 2-0 na kumaliza na 82. Kabla ya siku hiyo kijiweni ungesikia mahesabu ya kila namna ya mabao, na yote hayakuwa na kazi: pengo la pointi 1 na mechi ya kukutana haliachi nafasi ya kulingana.

Nne: mabao

Pointi zikilingana Ligi Kuu hutazama tofauti ya mabao. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba walimaliza wote na 69. Siku ya mwisho wote walishinda, Azam wakapata nafasi ya 2 na Ligi ya Mabingwa kwa tofauti ya mabao, Simba wakaenda Shirikisho. (Simba hao wakafika fainali ya Shirikisho mwaka 2025, kwa hiyo nafasi ya 3 haikuwa msiba.)

Katika mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, mambo hugeuka: hatua ya makundi ya klabu huanza na matokeo ya timu zilizolingana zenyewe. Simba na Wydad walimaliza kundi la 2023/24 na pointi 9 kila mmoja. Wydad walishinda 1-0 kwao, Simba wakashinda 2-0 Dar es Salaam, na Simba wakavuka. Usihamishe kanuni ya shindano moja kwenda jingine.

Namna ya kuhesabu pengo: tofauti yetu toa tofauti yao. Sisi -9, Kahawa -7, pengo ni mabao 2. Tukikutana nao, ushindi wa 1-0 unaziba yote mawili, maana sisi tunapanda moja na wao wanashuka moja. Tukiwa kwenye mechi tofauti, tunahitaji jumla ya mabao 2: tushinde 1-0 na wao wafungwe 1-0, inatosha kulingana, kisha mabao ya kufunga ndiyo yanaamua.

Ndiyo maana bao la kufutia machozi ni mali. Taifa Stars kwenye AFCON ya Morocco walifungwa na Nigeria 2-1, wakatoka 1-1 na Uganda, kisha 1-1 na Tunisia. Pointi 2, tofauti -1. Angola, wa 3 wa kundi jingine, nao walikuwa na pointi 2 na tofauti -1, na wa 3 walio bora ndio waliokuwa wanavuka. Tanzania ilivuka kundi kwa mara ya kwanza katika historia kwa sababu ilikuwa na mabao 3 ya kufunga na Angola 2. Lile bao moja katika mechi waliyopoteza na Nigeria ndilo lililobeba nchi. Kwa hiyo ukiwa Sheikh Amri Abeid, timu iko nyuma 3-0 dakika ya 85, usianze safari ya stendi. Angalia daftari. Pengine 3-1 ni tofauti ya kukaa na kushuka.

Tano: siku yenyewe

Raundi za mwisho mechi za muhimu huchezwa kwa wakati mmoja ili mtu asicheze akijua matokeo ya mwenzake. Hii ina maana huwezi kuziona zote. Gawaneni kazi: mmoja kwenye runinga ya kibanda umiza na mechi yenu, mmoja na redio yenye betri, mmoja na simu ya matokeo. Matokeo ya simu hukawia au hutangulia picha, na bao linaloshangiliwa upande wa redio huja kwenye runinga baadaye. Mkubaliane mapema chanzo kipi ndicho cha kuandika daftarini, msije mkaandika bao moja mara mbili.

Kabla ya kuanza, andika hali nne tu kwenye ukurasa mpya: tukishinda, tunahitaji nini kwa wengine. Tukitoka sare, nini. Tukifungwa, nini. Na ya nne: matokeo gani yanatufanya tusijali chochote. Mechi tatu zenye matokeo matatu kila moja zina sura 27, na hakuna kichwa kinachozibeba katikati ya kelele. Hali nne zinabebeka.

Bao likifungwa kokote, panga msimamo wa papo hapo kwanza, ndipo ushangilie. Watu wamewahi kukumbatiana kwa bao la kuwazamisha.

Sita: mpinzani wa mchujo

Ukishajua mchujo hauepukiki, unaanza kujiuliza unamtaka nani. Mashabiki huchagua jina: timu kongwe inaogopwa, timu ngeni inadharauliwa. Mashujaa walikuwa wageni kwa wengi walipokutana na Mbeya City. Chagua kwa vitu vitatu vinavyopimika. Mechi 6 za mwisho: anakuja akiwa anapanda au anaporomoka? Matokeo ya nyumbani kwake: timu isiyofungwa kwake kwa miezi ni mbaya katika mechi za nyumbani na ugenini, hata kama ni ya 14. Na safari: kutoka Arusha kwenda Kigoma au Mbeya kwa basi si sawa na kwenda Tanga, hasa mechi zikipishana siku chache. Hapo namba 3 na namba 4 zinaweza kuwa na thamani tofauti kwa sababu ya nani atakuwa upande wa pili, na kama kanuni za msimu zinampa aliye juu marudiano nyumbani, hilo nalo ni la kuandika.

Angalia pia kama bao la ugenini linahesabiwa zaidi. Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam katika fainali ya Shirikisho ya 2023, wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini. Kama kanuni hiyo ipo, sare ya 0-0 nyumbani katika mechi ya kwanza ni nzuri kuliko inavyoonekana, na sare ya 1-1 ni mbaya kuliko inavyoonekana. Kama haipo, zote ni sawa.

Saba: mtani akiwa Afrika

Hili linawauma wengi, lakini hesabu haina utani. Tanzania inapeleka timu nne Afrika kwa sababu iko ndani ya nchi 12 bora za CAF. Pointi hizo hukusanywa na klabu zote za nchi kwa misimu mitano, na msimu wa karibuni huzidishwa mara 5, uliotangulia mara 4, hadi wa zamani zaidi mara 1. Simba akifika mbali, pointi zake zinalinda nafasi ya pili ya Yanga, ya Azam, na ule mlango wa uani wa namba 4. Yanga akifika mbali, vivyo hivyo kwa Simba. Shabiki wa timu ya katikati ndiye anayenufaika zaidi na mafanikio ya wakubwa nje ya nchi, na ndiye huwazomea zaidi.

Lipo jambo moja la kutenganisha: muombee mtani Afrika, lakini angalia ratiba yake ya ndani. Akisonga mbele anajaza viporo, na viporo hivyo vitaliwa mwezi wa mwisho dhidi ya timu za chini, kikosi kikiwa na mchanganyiko wa wachezaji wa akiba. Weka alama kwenye daftari: nani kati ya washindani wako bado hajakutana naye. Anayekutana na mkubwa aliyekwisha kutwaa ubingwa, au aliyepumzisha nyota wake kwa ajili ya safari, amepata mechi nyepesi kuliko wewe uliyemkuta Oktoba akiwa na njaa. Kwa mshindani wa namna hiyo, usitegemee mwendo wa msimu mzima. Mwongezee pointi 1 kwenye makadirio yako, na uangalie kikosi kinachotangazwa saa moja kabla ya mechi.